Neno Moja katika Kiapo cha Bibi Bhoke

Kazi ya kwanza niliyofundishwa katika ofisi ya wakili pale Tanga haikuwa kupiga chapa. Ilikuwa kushona. Bwana Sempombe alinipa sindano ya magunia na kitita cha uzi wa mkonge, akanionyesha faili lenye unene wa tofali, akasema, "Mwanaidi, faili likifumuka mbele ya hakimu, kesi nayo imefumuka. Shona." Mimi nilikuwa na cheti cha uchapaji na kiatu cha kuazima, nimejiandaa kuonyesha kasi ya vidole. Nikashona kutwa nzima. Niliporudi nyumbani Nguvumali vidole vimetoboka, mama akaniuliza kama nimeajiriwa ofisini au kwa fundi wa magodoro.

Nawaandikia nyinyi makarani mliobaki pale, kwa kuwa mmeniomba mara tatu na nimeishiwa visingizio. Vyeo sitavitaja. Karani wa wakili ana cheo kimoja tu, nacho ni kuitwa. Nitawaeleza nilivyofundishwa kazi, halafu nitawaeleza kosa nililolifanya, maana hilo ndilo lililonifundisha zaidi, na sipendi mlisikie kwa watu wengine baada ya mimi kufa.

Bwana Sempombe alikuwa Mbondei wa upande wa Muheza, aliyesomeshwa na wamisionari, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti nzito kuliko mwili wake. Alikuwa na desturi zake. Hakumuuliza mteja shida yake kabla ya kumuuliza habari za nyumbani na za shamba. Mwanamke yeyote mwenye mvi alimwamkia shikamoo, hata kama mvi zake mwenyewe zilikuwa nyingi zaidi. Alipotaka kuniandikisha barua alisimama dirishani akimenya chungwa la kwao kwa kisu cha kufungulia barua, na mimi nilijifunza kwamba chungwa likiisha na hoja imekwisha. Hoja ya machungwa mawili ilikuwa rufaa.

Miaka ile ilikuwa ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, doti ya kanga ilikuja kwa zamu. Bidhaa ziligawiwa kwa kaya, na aliyejua kaya ni ipi na ina watu wangapi alikuwa balozi wa nyumba kumi, mwenye daftari lake. Mtu asiyekuwa katika daftari la balozi alikunywa chai ya chumvi. Likumbukeni daftari hilo, litarudi.

Ofisini nako tulikuwa na njaa yetu. Karboni moja tuliitumia mpaka ukiishika dirishani unaona barabara. Utepe wa mashine ukikauka tuliupaka mafuta kidogo, tukauacha juani, ukafufuka kwa siku tatu. Pini zilipokwisha tulibana karatasi kwa miiba ya mlimao, na kuna hakimu mmoja alichomwa kidole na jalada letu, akaandika barua ya malalamiko ambayo naye aliibana kwa mwiba. Karatasi ilikuwa na pande mbili na sisi tulitumia tatu, kama alivyopenda kusema Bwana Sempombe.

Sasa niwaambie jambo juu yangu, la sivyo hamtalielewa kosa langu. Mama yangu ni mtu wa Tongoni, na mimi nililelewa kwa sitara. Kwetu, ukimwona mwenzio nguo imemdondoka, hupigi kelele, unamfunika, kisha unazungumza habari ya mvua. Nilipoingia kazini nilikuta ofisi nzima imejaa watu waliodondokwa na nguo. Huyu kapewa talaka kwa barua, yule kamshitaki baba yake mzazi. Nikaanza kuwafunika. Bwana alipotamka kwa niaba ya mteja "mume wangu ni mlevi", mimi nilichapa "mume wangu ana matatizo". Bwana alisoma, akacheka kwa pua, akaacha. Alisema barua yenye adabu hujibiwa upesi, na kweli zilijibiwa. Kwa hiyo nikajiona nina ruhusa. Hakuna aliyenipa ruhusa hiyo, wala hakuna aliyeninyang'anya.

Bibi Bhoke alikuja mvua za vuli zikianza, mwaka ambao sabuni zilikuwa zimeanza kurudi madukani na mitumba imetandazwa sokoni. Alipanda ngazi zetu kwa fimbo, mwembamba, masikio yametobolewa matundu makubwa ya kizamani. Nyuma yake alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, kajifunga kanga mbili, anatazama chini.

"Shikamoo, bibi," akasema Bwana Sempombe, akisimama.

"Marahaba. Wewe ndiye wakili? Umezeeka."

"Nimezeekea humu humu kwenye sheria, bibi. Karibu kiti. Na huyu mwenzio ni nani wako?"

"Huyu Robhi. Mke wangu."

Kalamu yangu ilisimama. Bwana Sempombe hakusita. Alisema, "Karibu mama Robhi, kaa hapo penye upepo," kisha akauliza habari za shamba.

Bibi Bhoke alikuwa Mkurya wa Mara. Alikuja Tanga na mumewe, aliyekuwa mlinzi katika shamba moja la mkonge mbele ya Pongwe, na mume akafa bila kumwachia mtoto. Wengine wangerudi kwao. Yeye alibaki kwenye nyumba waliyoijenga, akauza alichokuwa nacho, akatuma ng'ombe kwao, akaoa. Ndivyo wanavyofanya kwao. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari kama anavyotoa mwanamume, akamwoa msichana, na msichana yule anakuwa mke wa nyumba ile. Watoto atakaowazaa, baba yao awe nani, ni watoto wa nyumba ya yule bibi, kwa jina na kwa urithi. Robhi alikuwa amezaa watatu. Walikuwa wameishi hivyo miaka mingi, na kijiji kiliwazoea kama kilivyowazoea Wamakonde na ngoma zao na Waha na muhogo wao. Vijiji vya mkonge vimejaa mila za kila pembe, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuchunguza ya mwenzake.

Muda ulipatikana lile shamba la mkonge lilipodorora na sehemu ya ardhi ikarudishwa kijijini, igawiwe kwa kaya. Watu wakaanza kuhesabu nani ni kaya na nani si kaya. Nyumba ya Bibi Bhoke ilikaa mahali pazuri, karibu na bomba la maji. Ndipo uongozi wa kijiji ulipotunga sheria ndogo ya kupigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Rasimu ya kwanza ilisema nyumba isiyo na mwanamume si kaya. Wajane wakacharuka, na kijiji kile kilikuwa na wajane wengi wenye ndimi kali, ikabidi irekebishwe. Rasimu ya pili ilisema ni marufuku mwanamke kuoa mwanamke ndani ya mipaka ya kijiji, na nyumba iliyoanzishwa kwa namna hiyo haihesabiki. Mwalimu wa madrasa na katekista, ambao hawajapata kukubaliana hata saa ya kuanza mkutano, siku hiyo walikubaliana. Kura ilipangwa Jumapili, wiki tatu mbele. Ikipita, Bibi Bhoke angepoteza kiwanja chake, na watoto wa Robhi wangekuwa watoto wasio na nyumba wala jina.

Nawaambia kweli, mimi sikulipenda jambo lile. Nilipomshusha bibi ngazi nilimwuliza, kwa sauti ya chini, kama wao wawili walikuwa wakiishi kama mume na mke hasa hasa. Alisimama kwenye ngazi, akanitazama.

"Nyie watu wa pwani mnauliza kitanda," akasema. "Kwetu tunauliza mtoto akilia usiku anaitwa mtoto wa nani."

Nilimpenda kuanzia hapo, nikaazimia kumsaidia kwa njia ninayoijua.

Bwana Sempombe aliomba Mahakama ya Wilaya iizuie ile kura mpaka bibi asikilizwe. Ombi la namna hiyo linasimama juu ya kiapo, na kiapo alikitamka yeye dirishani, chungwa moja na nusu. Niliandika kwa mkono kila neno. "Kwamba Robhi ni mke wa nyumba yangu, niliyemwoa kwa ng'ombe kwa mila ya kwetu." Ninaliona neno hilo kwa mwandiko wangu mpaka leo. Halafu nikakaa kwenye mashine, nikafikiria. Karatasi hii itasomwa mjini, mbele ya watu. Binti mkubwa wa Robhi yuko shuleni, wenzake watamcheka. Wanawake hawa hawana mwanamume wa kuwatetea njiani. Kwa nini niwavue nguo? Nikachapa: "Kwamba Robhi ni msaidizi wangu wa nyumbani, ninayeishi naye kama mwanangu." Nikajisikia mtu mwema kabisa.

Siku nyingine Bwana angeliona. Lakini miwani yake ilikuwa imevunjika wiki mbili kabla, aliikalia kanisani, na Tanga nzima hakukuwa na kioo cha kumfaa. Alimsubiri shemeji yake aje na nyingine kutoka Mombasa. Wakati huo aliweka sahihi pale nilipoweka kidole changu. Mimi ndiye niliyekuwa macho yake, na ndiye niliyemdanganya. Kwa kamishna wa viapo tulikuta foleni ndefu, karani wa pale ananuna. Sheria inataka asiyejua kusoma asomewe kiapo chote kabla ya kuweka dole gumba. Mimi nilimwambia Bibi Bhoke, "Ni yale yale uliyomweleza Bwana." Akabonyeza dole gumba bila kuuliza tena.

Mahakamani kijiji kilikuja na wakili kijana, hodari, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Alimtaka Bibi Bhoke asimame kizimbani.

"Bibi, huyu mwanamke aliyekaa pale ni nani kwako?"

"Mke wangu."

"Una hakika?"

"Nilimwoa mimi, si wewe."

Watu wakacheka. Wakili kijana naye akatabasamu, akainua karatasi, akasoma ile aya yangu polepole, "msaidizi wangu wa nyumbani", kila silabi. Kisha akasema, "Mheshimiwa, mleta maombi mwenyewe ameapa hakuna ndoa ya mila wala kaya ya namna hiyo. Kuna mama na mtumishi. Kijiji hakijamnyang'anya kitu. Na kama leo anasema vingine, basi ameapa uongo."

"Mimi sina mtumishi," akasema Bibi Bhoke. "Nani kaandika hivyo?"

"Ni kiapo chako, bibi," akasema hakimu, si kwa ukali. "Hiki hapa kidole chako."

Bibi alikitazama kidole chake kana kwamba kimemgeuka. Kwenye benchi, Robhi aliivuta kanga akajifunika uso wote. Alikuja mahakamani akitazamwa na kijiji kizima na hakujifunika. Alijifunika aliposikia neno langu. Nilitamani sakafu inimeze, na sakafu za mahakama zile zilikuwa za saruji imara.

Hakimu aliahirisha mpaka Ijumaa. Kura ilikuwa Jumapili.

Nilimweleza Bwana Sempombe kwenye varanda, nikilia. Alitoa chungwa mfukoni, akalimenya lote kwa vidole, akanipa nusu.

"Mficha uchi hazai, Mwanaidi," akasema.

"Nilitaka kuwasitiri, Bwana."

"Najua. Hata mimi nimetia sahihi nisichokisoma. Tumekosa wawili. Sasa utapiga kiapo kingine, na mwapaji utakuwa wewe. Sema ulibadilisha nini, na kwa nini."

"Hakimu anaweza kunifunga."

"Anaweza."

"Na wewe utanifukuza?"

"Nikufukuze upite wapi? Mimi hata mlango siuoni."

Hapo nikacheka nikiwa nalia, jambo ambalo silipendekezi, linaumiza kifua. Halafu akaniambia la pili, ambalo lilikuwa gumu zaidi. Nisichape kitu kabla ya kwenda kwa wenyewe.

Nilikwenda siku ile ile. Nyumba ilikuwa ya udongo, imepigwa chokaa vizuri, na kichanja cha vyombo mbele. Robhi alinikaribisha maji bila kunitazama. Nilimweleza bibi kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua kunde.

"Uliona aibu kwa niaba yangu," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Nilikutuma?"

"Hukunituma."

"Basi karudishe."

Hilo tu. Kisha, nilipokuwa nimeshasimama niondoke, akaongeza kwamba kama watu wa sheria wanataka ushahidi, daftari la sukari linamjua. Nilirudi nikakaa. Nikamwuliza daftari gani.

Balozi wao wa nyumba kumi alikuwa Mzigua mmoja mrefu, fundi wa baiskeli. Nilimkuta chini ya baiskeli ya mtu, nikamwamkia, nikamwambia shida yangu. Alifuta mikono kwa muda mrefu.

"Mimi Jumapili napiga kura ya kukataza," akasema. "Sikufichi. Hayo mambo ya mwanamke kuoa mwanamke siyataki kijijini kwetu."

"Sawa, mzee. Nimekuja kwa daftari tu."

"Daftari ni jambo jingine. Kura ni yangu, daftari ni la watu." Aliingia ndani akalitoa katika mfuko wa plastiki. Kurasa zilikuwa na alama za mafuta. Akatafuta kwa kidole, akanisomea mwenyewe: mkuu wa kaya, Bhoke; mke, Robhi; watoto, na majina yao, mmoja baada ya mwingine walivyozaliwa. Pembeni alama za sukari, sabuni, kanga. Ukurasa wa nyuma, alama za msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, na nyumba ile haikukosa hata siku moja. "Aliniambia ni mke wake, nikaandika mke," akasema. "Sukari haikuuliza."

Nilipiga kiapo changu usiku kucha? Hapana, nilikipiga kwa dakika kumi, kwa kuwa kilikuwa kifupi. Kwamba mimi Mwanaidi, karani, nililiandika neno lililotamkwa, kisha nikachapa lingine. Kwamba sikumsomea mwapaji. Kwamba nilifanya hivyo kwa kuona haya, na haya hiyo ilikuwa yangu, si yake. Sentensi ya mwisho Bwana hakuitamka. Niliiweka mwenyewe, nikamsomea, naye akasema iache.

Ijumaa kilisomwa mbele ya watu wote. Nilisimama. Kulikuwa na jirani zangu wawili wa Nguvumali waliokuja kwa kesi ya mbuzi, na habari ilifika nyumbani kabla yangu. Hakimu alinikaripia kwa maneno ambayo nilistahili, akasema nikirudia ataniweka ndani, kisha akamgeukia Bwana Sempombe.

Bwana hakuwa na karatasi, kwa kuwa asingeiona. Alizungumza kwa kichwa. Alianza na sheria ya ndoa. Wakili kijana alikuwa amesema ndoa kwa sheria ya nchi ni ya mwanamume na mwanamke, na hii siyo. "Sibishani naye," akasema Bwana Sempombe. "Lakini kama hiki si kitu, kijiji kinapiga kura kukataza nini? Mtu hafungi mlango wa chumba kisichokuwepo. Na kama ni kitu, mila ya watu, basi mambo ya ndoa yana sheria ya taifa zima, na kijiji hakina uwezo wa kuongeza wala kupunguza mstari wake. Kijiji kina uwezo juu ya mbuzi wanaozurura."

Kisha akasema habari ya kura yenyewe. Kura ni ya kumchagua mwenyekiti, alisema, si ya kuchagua nani ana nyumba. Leo wengi wamemhesabu huyu bibi akawa si kaya, kesho watahesabu wajane, na wajane walikwisha kulinusa hilo mapema. Nikasikia sauti za wanawake nyuma zikiguna. Akaongeza kwamba hakuna aliyewaita hawa wawili hata siku moja kuwasikiliza. Mtu anayetaka kumtoa jirani yake kiwanjani angalau abishe hodi.

Halafu akamwita balozi. Yule Mzigua alipanda na daftari lake, akasema wazi kwamba yeye ni wa upande wa kura, kisha akasoma kama alivyonisomea mimi. Bwana Sempombe akamwuliza maswali mawili.

"Siku ya msaragambo, nyumba hii mliihesabu?"

"Tuliihesabu."

"Hata siku moja mlimwambia Robhi arudi nyumbani, yeye si mke wa kaya?"

Balozi alifikiri kwa haki kabisa. "Hapana," akasema. "Tulimwambia achimbe."

Bwana akakaa. Nadhani ingekuwa ofisini chungwa lingekuwa limekwisha.

Hakimu hakusema kwamba ndoa ile ni ndoa mbele ya sheria. Aliliweka wazi hilo, alisema hakuulizwa na hajibu. Alichosema ni kwamba kijiji hakiwezi kutunga sheria ya ndoa kwa kunyoosha mikono, na kwamba nyumba iliyohesabiwa wakati wa dhiki na wakati wa kazi haiwezi kufutwa wakati wa kugawana ardhi. Akaamuru ajenda ile iondolewe. Jumapili kijiji kilikutana, kikapitisha sheria ya mbuzi.

Sitaki mdhani kwamba watu walibadilika. Katekista alimpita Bibi Bhoke njiani bila salamu mwaka mzima. Lakini kiwanja kilibaki chake, akapewa na fungu lake la ardhi, na yule balozi ndiye aliyekwenda kupima mipaka. Bibi alinijia ofisini mwezi uliofuata. Mimi niliinuka nikamwamkia. Alitoa kwenye kikapu kitita cha uzi wa mkonge aliousokota mwenyewe, mwembamba, sawa sawa, kuliko wowote niliowahi kuushonea. "Umerudisha," akasema. Kisha akamwuliza Bwana Sempombe kama miwani imekuja. Ilikuwa imekuja. Alikuwa akisoma kila karatasi yangu mara mbili kwa kusudi la kunitania, na aliendelea hivyo mpaka machungwa ya msimu ule yakaisha. Nilimpenda mzee yule kama nilivyompenda baba yangu. Sikumwambia kamwe, na ninajuta.

Baada yake ofisi ilishikwa na mwanafunzi wake, ambaye ndiye bosi wenu. Mashine ya taipu ilikwenda juu ya kabati, kompyuta ikaja, pini zikajaa madroo. Katika mwaka wangu wa mwisho wa kazi, mwanamke mwenye mvi alipanda ngazi zetu. Kanga mbili, kama zamani. Niliinuka.

"Bibi amefariki," akasema Robhi. "Arobaini imepita. Watoto wananiambia tuandikishe mirathi."

Nilimpa pole, nikamkalisha penye upepo. Tulikaa kwanza. Nilimwuliza habari za nyumbani, kisha za shamba. Watoto watatu walikuwa watu wazima, mkubwa ni mwalimu. Ndipo nikafungua fomu kwenye kompyuta, nikajaza jina la marehemu, na mahali alipoishi, nikafika kwenye mstari unaouliza uhusiano wako na marehemu. Mkono wangu ukasimama.

Bosi wenu alikuwa amekaa nyuma yangu. Akasema kwa upole, "Bi Mwanaidi, andika jamaa. Mahakama itauliza maswali."

Robhi alisikia. Alitazama mikono yake. "Andika tu unavyoona, dada," akasema. "Mimi nimechoka."

"Mimi sioni kitu," nikamwambia. "Niliona mara moja, unakumbuka. Sema wewe."

Ninyi mliokuwa pale siku ile mnakumbuka alivyokunja ncha ya kanga yake akaikunjua tena, mpaka mmoja wenu akakohoa. Kisha akanyoosha shingo.

"Mke," akasema.

Nikachapa. Herufi tatu, na vidole vyangu vimepiga maelfu kwa maelfu. Karatasi ilipotoka kwenye printa niliishika mbele yake, nikamsomea yote tangu juu hadi chini, taratibu, na nilipofika kwenye neno lile nikasimama nikamtazama. Akaitikia kwa kichwa. Ndipo nikamsogezea pedi ya wino.